Mbuzi wa Saba

Mimi, Ulises Bazán, mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule ya bweni ya Padri Ansaldo, nikiwa na akili zangu timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, nayatangazia mataifa yote kwamba binadamu hayuko peke yake katika ulimwengu huu. Wapo wengine. Wanatoka mbali. Wameshuka hapa Villa Cardones, wamekanyaga nyasi zetu, nao wamenichagua mimi niwe kinywa chao.

Maneno hayo niliyatamka Jumapili baada ya misa, nimesimama juu ya kreti ya soda mbele ya kanisa, na wanaume wamevua kofia.

Kreti ilikuwa imeoza. Nilipofika kwenye "kinywa chao" mguu wangu wa kulia ulizama mpaka gotini, na kinywa cha wageni wa angani kikatoa neno ambalo Padri Ansaldo hajanisamehe mpaka leo.

Profesa Lezcano, mwalimu wetu wa fizikia, alilinasa neno hilo kwenye kinasa sauti chake. Alisema ni lugha ya huko.

Msomaji ambaye wiki iliyopita alifungia mkate gazeti hili kabla ya kulisoma, nimkumbushe. Mimi na rafiki yangu Maidana tulikuwa na njaa. Shuleni kwetu Jumatatu ni dengu, Jumanne ni dengu, na hivyo hivyo mpaka Jumapili, siku ambayo Mungu alipumzika lakini dengu hazikupumzika. Basi Jumapili iliyotangulia ile ya kreti, saa za siesta, mji mzima ukiwa umelala usingizi wa mchana, padri amelala, sajini amelala na mbwa wa sajini amelala, tuliruka ukuta. Chini ya mlima Tuerto tukamkuta mbuzi dume mwenye ndevu ndefu, amesimama peke yake, anatutazama kama mtu aliyealikwa.

Tulimchoma kama wanavyochoma watu wa kwetu. Msalaba wa mti unasimikwa ardhini, mbuzi anatandazwa juu yake, na makaa yanamzunguka pande zote. Tulipomaliza tukayasomba makaa na majivu tukayatupa mtoni, tukazika mifupa, tukarudi vitandani tukalala kama malaika walioshiba.

Jambo moja tu lilitupita. Makaa yakimzunguka mbuzi pande zote, yakiondolewa huacha duara. Lilikuwa duara safi, jeusi, kama limechorwa kwa bikari, na katikati yake tundu moja.

Sasa, kwingine mtu akiona duara la nyasi zilizoungua na tundu katikati, nadhani atawaza nyama. Kwetu hapana. Kwetu watu wamekuwa wakiutazama mlima Tuerto tangu zama za babu zao. Kila mmoja ameona taa juu yake, na asiyeona taa ana shemeji aliyeiona. Kesho yake, kabla watu hawajaenda kulala mchana, duara letu lilikuwa limezungushiwa kamba, na mwokaji mikate alikuwa akiuza biskuti za mviringo zenye tundu katikati.

Kwamba chombo kimetua, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa kimetoka wapi.

Watu walikusanyika klabuni kulimaliza suala hilo. Don Robustiano wa duka la dawa alisema kimetoka ndani ya mlima wenyewe, ambako kuna mji mzima chini kwa chini, na wakazi wake hupanda juu mara moja moja kuvuta hewa. Sajini Peralta alisema ni Wamarekani. Sajini husema ni Wamarekani hata mvua ikichelewa. Mwokaji mikate alishikilia kwamba kimetoka chini ya bahari. Alipoulizwa bahari gani, maana kutoka kwetu mpaka baharini ni safari ya siku nzima kwa basi, alijibu kwamba ndiyo sababu walichoka wakatua.

Profesa Lezcano aliwasikiliza wote kwa huruma. Kisha akaeleza kwamba hawa si wageni hata kidogo. Ni vitukuu vyetu. Wanarudi kutoka miaka ijayo kuja kuangalia ni wapi hasa tulikosea.

Padri Ansaldo alisema yeye anajua vizuri wanakotoka, na kwamba huko kuna joto.

Wakati ubishi ukiendelea, kibuyu cha yerba, ile chai yetu chungu ya majani, kilikuwa kikizunguka. Ni kibuyu kimoja na mrija mmoja. Mwenye birika anajaza, unavuta, unarudisha, anamjazia mwingine, mpaka kinakufikia tena. Mjerumani mmoja mwenye kamera, aliyekuja kulipiga picha duara, naye alipewa. Akavuta, akaungua ulimi, akatabasamu, akarudisha na kusema asante.

Basi. Kibuyu kikaanza kumpita. Kilizunguka na kuzunguka, na kila kilipompita alikifuata kwa macho kama mtoto aliyenyimwa peremende. Hakuna aliyejisumbua kumweleza kwamba kwetu asante husemwa ukishatosheka, na ukishaisema hujaziwi tena.

Nilimcheka sana yule Mjerumani. Kumbukeni kwamba nilimcheka.

Aliyekata ubishi ni mke wa mwokaji mikate. Alikuwa amekaa pembeni muda wote, anafuma. Akauliza kama kuna anayefahamu kwamba Doña Clodomira, yule mjane anayeishi peke yake chini ya mlima, amepoteza mbuzi tangu Jumapili ile. Alikuwa na saba. Sasa ana sita.

Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole.

Maana kile kikundi cha nyota, Kilimia, kwetu tunakiita Vibuzi Saba. Na kila mtoto wa Villa Cardones anajua kwamba ukivihesabu kwa macho yako unaona sita.

Kwa hiyo walikuja kumchukua wa saba. Hata Sajini Peralta aliwaachia Wamarekani waende zao.

Mimi na Maidana tulitazamana. Wa saba alikuwa bado amekwama kidogo kwenye meno ya Maidana.

Huenda mambo yangeishia hapo, lakini kumbe Padri Ansaldo hakuwa amelala, alikuwa ameona vitanda viwili vitupu saa za siesta. Aliniita ofisini akaniuliza nilikuwa wapi. Mtu mwenye akili angesema chooni. Mimi nikasema sikumbuki. Nikasema niliona mwanga, nikasikia mvumo kama wa nyuki, halafu nikajikuta kitandani, nguo zangu zinanuka moshi.

Ile ya moshi niliiongeza kwa sababu zilikuwa zinanuka kweli.

Padri alikuwa anaunyoosha mkono kuchukua fimbo. Lakini Profesa Lezcano, aliyekuwa amekuja kuomba chaki, aliliangusha boksi zima. Huyu ni mtu aliyelisubiri jambo hili tangu kabla sijazaliwa. Nyumbani kwake juu ya bati ana antena tatu na kiti. Alinishika mabega yote mawili, macho yamejaa machozi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama bado wamo ndani yangu.

Msomaji, niambie wewe ungejibu nini.

Jioni hiyo nikawa na mgeni. Jina lake Ozmeli. Alikuwa akizungumza kupitia kwangu nikifumba macho, kwa sauti nzito, na alikuwa na masharti yake. Kwanza, hakuweza kabisa kula dengu. Pili, ili sauti yake isafiri vizuri alihitaji empanada, zile sambusa za kwetu, za nyama, za moto. Maidana aliteuliwa kuwa mfasiri. Baada ya kufikiri kidogo akatangaza kwamba mfasiri naye dengu zinamzuia kusikia.

Zilikuwa siku njema. Profesa alileta empanada, Don Robustiano alileta jibini, mke wa mwokaji alinifumia soksi. Ozmeli aliwajibu wote kwa haki. Walipouliza kama ni wa ndani ya mlima alisema mlima ni mlango. Walipouliza kama ni wa baharini alisema maji ni kioo. Sajini alipouliza kuhusu Wamarekani, Ozmeli alishusha pumzi ndefu, na Sajini akaondoka ameridhika.

Ndipo akaja Nélida.

Nélida ni binti wa Doña Clodomira, anaishi mjini Rosario. Alifika na lori la kuhamisha vyombo, akalisimamisha mbele ya shule, akaomba kuonana na mtoto mwenye mgeni. Nilidhani ameleta chakula.

Alinieleza mambo ambayo Villa Cardones nzima iliyajua ila mimi. Yule mbuzi aliitwa Askofu, kwa ajili ya zile ndevu. Hakuwa mbuzi wa kuchinjwa. Magoti ya Doña Clodomira yaliharibika miaka mingi iliyopita, hawezi kupanda mlima. Lakini kila asubuhi alikuwa akimfungulia Askofu lango, naye, kengele shingoni, anawapandisha wenzake sita malishoni, na jioni anawarudisha mwenyewe. Kazi ya bibi ilikuwa kufungua na kufunga lango. Kwa sababu ya Askofu aliweza kuishi nyumbani kwake peke yake.

Sasa wale sita wanasimama uani wanalia. Wakifunguliwa hawaendi. Wakisukumwa wanaenda hatua chache wanarudi.

"Nimekuja kumchukua mama," Nélida alisema. "Nyumba tunaifunga. Mbuzi wanakwenda kwa mchinjaji. Mimi naishi ghorofa ya tano, ana chumba chake, kuna na ndege kwenye tundu. Ila hataki kupanda lori mpaka amuulize huyo mtu wako."

"Amuulize nini?"

"Kama watamrudisha Askofu. Ukisema watamrudisha, anabaki. Ukisema hawamrudishi, anapanda."

Nikamwambia kwamba maswali ya namna hiyo Ozmeli huyajibu Jumatano.

Mimi na Maidana tulifanya kikao nyuma ya mabafu.

"Mwambie atarudi," Maidana alisema. "Bibi atafurahi."

"Atarudi vipi, wewe? Si unaye humo ndani."

"Basi mwambie harudi."

"Ahame nyumbani kwake kwa sababu sisi tulitamani nyama?"

Maidana alifikiri. "Mimi nilikula mguu tu," akasema.

"Na kengele umeitupa?"

Alifungua kifungo cha shati. Kengele ya Askofu ilikuwa inaning'inia kifuani kwake kwa kamba ya kiatu, ameishindilia soksi ndani isilie. Nilimuuliza kwa nini, akasema ni ukumbusho. Nilimwambia aitupe mtoni na ile soksi. Akaahidi.

Jumatano, saa za siesta, Villa Cardones haikulala. Haijawahi kutokea. Mji mzima ulikuwa umesimama uani kwa Doña Clodomira, unapiga miayo, pamoja na wale mbuzi sita. Lori lilikuwa langoni na godoro limeshapakiwa.

Jikoni tuliingia wachache: Profesa na kinasa sauti chake, Nélida, Maidana mfasiri, na mimi. Doña Clodomira alikuwa amekaa karibu na jiko. Ni mwanamke mdogo, mkavu, magoti ameyafunga vitambaa vya sufu. Alinitazama kidogo tu, kisha akaweka birika motoni.

"Hakuna anayezungumza nyumbani kwangu na koo kavu," alisema. "Anywe kwanza."

Profesa alieleza kwa heshima kwamba viumbe wa namna hiyo huenda hawanywi.

"Kinywa si cha huyu mtoto? Basi atakunywa."

Nilifumba macho. Nikaachia pumzi tatu ndefu, nikatikisa mabega, Ozmeli akaingia. Kibuyu kikawekwa mkononi mwangu. Nikavuta.

Yerba yake ilikuwa na uchungu wa sawasawa. Haina sukari, moto wake ule wa kuchoma bila kuunguza, kama ya mama. Kwa kitambo nilisahau nilikuwa nani na nilitoka nyota gani. Nikavuta mpaka mrija ukakoroma, nikarudisha kibuyu, kikazunguka, kikanirudia.

Doña Clodomira akaanza kuuliza.

"Askofu hajambo?"

"Hajambo," alisema Ozmeli.

"Anakula?"

"Anakula."

"Nani anampeleka malishoni huko?"

"Hapelekwi. Yeye ndiye anayewaongoza wenzake sita."

Nilimsikia akicheka, kicheko kidogo cha puani. Alisema mbuzi yule hana adabu, hata siku ya kwanza ugenini amejipa ukubwa. Nilitamani sakafu inimeze kama ile kreti.

"Wamemweka mahali gani?"

"Mahali pa joto," nilisema, na angalau hapo sikusema uongo. Maidana alipaliwa.

Kibuyu kikanirudia tena, na tena. Doña Clodomira alijaza, na nilisikia lile godoro langoni kana kwamba godoro lina sauti. Kisha akauliza lile swali.

"Mtamrudisha?"

Nilifungua jicho moja kidogo sana. Nélida alikuwa ameubana mkoba wake kwa mikono miwili. Profesa alikuwa ameinamia kinasa sauti, midomo wazi. Bibi alikuwa ananitazama mimi, si Ozmeli.

"Wanashauriana," nilisema.

"Wanashauriana nini?"

"Vibuzi Saba wako mbali, Doña. Njia ni ndefu. Wanashauriana."

Alinijazia kingine. Nikakivuta chote, kwa haraka, tumbo langu limejaa maji ya moto na uongo, nikitafuta maneno ambayo si ndiyo wala siyo. Nikarudisha kibuyu.

"Asante," nikasema.

Birika lilikuwa limesimama hewani mkononi mwa Doña Clodomira, haliteremki wala halimimini. Kisha alilirudisha motoni taratibu. Akawaomba wote watoke nje kidogo, kwa sababu yeye na mgeni wana neno lao.

Profesa alitoka kinyumenyume, kwa heshima. Mlango ukafungwa.

"Umetosheka, Ozmeli?"

"Nimetosheka, Doña."

"Ndivyo nilivyosikia." Alivuta kiti chake mpaka magoti yake yenye sufu yakakaribia yangu. "Mume wa Nélida ni mtu wa ng'ambo. Yuko katika familia hii tangu wajukuu wangu hawajazaliwa. Mpaka leo ananishukuru kibuyu cha kwanza, halafu anashangaa simpi kingine. Yule Mjerumani naye hivyo hivyo. Wewe umeshuka juzi kutoka Vibuzi Saba. Hukuukoroga mrija, hukuupangusa, umevuta mpaka ukakoroma, na asante yako umeiweka mpaka uliposhiba. Nani alikufundisha kunywa yerba?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya nyota. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya vyombo, na mwendo wake, na lugha. Hilo hakuna aliyeniandaa nalo.

"Mama," nikasema.

Sauti ilikuwa yangu. Nyembamba, yenye kigugumizi, sauti ya mtoto wa kidato cha nne aliyevaa soksi za kufumiwa.

"Fumbua macho, basi, tuonane."

Nikafumbua. Nikamwambia yote. Njaa, ukuta, siesta, msalaba, makaa, mto. Nilimweleza Askofu alivyosimama akitungoja, na kwamba hakukimbia. Nilimweleza Ozmeli na empanada zake. Sikumtaja Maidana hata mara moja, mpaka nilipofika kwenye mguu.

Alikuwa anazitazama nyufa za meza.

"Mlimtia chumvi?"

"Hatukuwa nayo, Doña."

Akafumba macho. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Baadaye alinyanyuka, akajikokota mpaka mlangoni, akaufungua wote. Mji mzima ulikuwa umejisogeza. Aliwaambia mgeni amekwenda zake, kabaki huyu, na huyu ana la kusema.

Nilisimama kizingitini. Safari hii hapakuwa na kreti.

"Askofu hakuchukuliwa na mtu wa angani," nilisema. "Duara ni letu. Tulimchoma, tukamla. Mimi ndiye niliyeanza."

Nilingoja mawe. Nilingoja fimbo ya Padri Ansaldo. Badala yake nilisikia sauti ya Profesa Lezcano, laini, imejaa mapenzi.

"Mnamsikia?" alisema. "Wamemfuta. Ndivyo wanavyofanya wakiondoka. Wanafuta waliyoyaacha, halafu wanapanda kumbukumbu nyingine, ya kawaida, ya aibu aibu, ili mwenyewe asitake kuizungumza. Maskini mtoto, anaamini kabisa alikula mbuzi."

Don Robustiano alisema kwamba watu wa ndani ya mlima ni mabingwa wa jambo hilo. Mwokaji akasema wa baharini wanawazidi. Sajini alisema kwa uchungu kwamba hiyo hasa ndiyo kazi ya Wamarekani. Mama mmoja alinifunika shali. Nilikuwa nimewadanganya juma zima wakaniamini. Sasa nimesema kweli, wananishika paji la uso kuangalia kama nina homa.

"Ni kweli," nilisema. "Jamani, nilimla."

"Pumzika, kijana," Profesa aliniambia. "Umeteseka."

Doña Clodomira hakupandisha sauti. "Maidana," alisema. "Kengele."

Sikuwa nimemwambia habari ya kengele. Nadhani alimwona tu Maidana anavyokaa, amelikumbatia shati lake kama mtu anayeumwa tumbo. Maidana alinitazama. Kisha akafungua kifungo, akaivuta ile kamba ya kiatu, akaichomoa soksi.

Kengele ikalia mara moja.

Uani, mbuzi wote sita waliinua vichwa. Halafu wakaja. Walipita kati ya miguu ya watu, wakamsukuma Sajini, wakamkanyaga Mjerumani na kamera yake, wakajaa mlangoni wakiminyana. Walimtazama Maidana. Wakatazama nyuma yake. Mmoja, mwenye doa jeupe jichoni, aliingia mpaka jikoni, akazunguka meza, akatoka.

Profesa Lezcano alikizima kinasa sauti. Nilisikia kile kitufe, na bado ninakisikia.

Nélida alifuta macho, akamshika mama yake kiwiko. "Basi, mama. Umeshajua. Twende."

"Ngoja."

Doña Clodomira aliichukua kengele mkononi mwa Maidana. Alinijia mimi. Ilimbidi anyooshe mikono, maana ni mfupi na magoti hayanyooki, akanivisha ile kamba shingoni na kuifunga mafundo mawili kwa nyuma. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Kisha akanigonga tumboni kwa kidole, pale pale.

"Nyama yake imo humu," alisema. "Basi na kazi yake iwe humu. Wapandishe malishoni, uwarudishe jioni. Na kesho, na kesho kutwa, mpaka nimpate mwingine. Wakikufuata, lori liondoke tupu."

"Wasiponifuata, Doña?"

Alilitazama birika lake, na ukuta, na ndoano aliyozoea kutundikia ile kengele. Alimwambia Nélida alishushe godoro nusu, na nusu aiache loriini mpaka jioni.

Watu walinifungulia njia mpaka langoni. Padri Ansaldo alikuwa amevua kofia, sijui kwa nani. Mbele yangu ulikuwa mlima Tuerto, na chini yake, wazi kabisa mchana ule, duara letu jeusi.

Nilipiga hatua ya kwanza. Kengele ililia. Nikapiga ya pili, nikatega sikio nyuma nisikie kwato.

Sikuthubutu kugeuka.